Kuku wa Cornell kwa ada ya kambi ya vijana: analipa au anachosha bure?

Kwa wenye haraka: kuku wa Cornell, yaani nusu kuku anayechomwa juu ya mkaa huku akipakwa sosi ya siki, ndiye mlo bora wa kuchangishia ada ya kambi ikiwa kikundi chenu kina watu wazima wasiopungua kumi na wawili, uwanja wa wazi wa kuchomea, na watu wa kuuza tiketi kabla ya siku yenyewe. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana, pikeni tambi. Vikikosekana viwili, uzeni sambusa na mlale mapema.

Kwa walio na muda, haya hapa maelezo. Tunawaandikia hasa wazazi na viongozi wa vijana katika jumuiya za Wakongomani, Warundi, Wasomali Wabantu na wengine wanaozungumza Kiswahili kule Utica, Syracuse, Rochester na Buffalo. Huko, kuanzia Mei, kila Jumamosi kuna kibao barabarani kinachotangaza kuku wa kuchoma kuanzia saa tano asubuhi hadi watakapokwisha. Anayeuza ni kikosi cha zimamoto cha kijiji, kanisa, timu ya mpira au kundi la vijana la 4-H. Wenyeji wanamjua kuku huyu tangu utotoni na hawahitaji kushawishiwa. Wakiona moshi wanapunguza mwendo. Hiyo ndiyo faida yake ya kwanza: hamuuzi chakula kigeni kwa mtu anayesitasita.

Mwenye kanuni hii ya upishi ni Robert C. Baker, profesa wa sayansi ya kuku katika Chuo Kikuu cha Cornell mjini Ithaca, aliyefariki mwaka 2006. Alitaka Wamarekani wale kuku wengi zaidi, tena kuku wadogo wanaoiva upesi, ili wafugaji wa jimbo lake wapate soko. Mwaka 1950 chuo kilichapisha kijitabu chake kikieleza sosi, tanuri na namna ya kulisha umati. Ndiyo maana kanuni hii inafaa sana kwa michango: tangu mwanzo ilikusudiwa watu wengi uwanjani. Baker huyohuyo ndiye aliyebuni vipande vya kuku wa kusaga vya kukaanga ambavyo leo kila mtoto wa Marekani anavila, wala hakuchukua hataza. Kibanda cha familia yake kwenye Maonyesho ya Jimbo la New York huko Syracuse kilianza mwaka 1949.

Sosi

Kwa nusu kumi za kuku: yai 1, mafuta ya kupikia kikombe 1, siki ya tufaha vikombe 2, chumvi vijiko vikubwa 3, mchanganyiko wa majani makavu ya kuku kijiko kikubwa 1, na pilipili manga nusu kijiko cha chai. Hakuna nyanya, hakuna sukari. Anayetarajia sosi nyekundu tamu ya dukani atashangaa. Hii ni chachu, ina chumvi, na inamwacha kuku na rangi ya dhahabu. Majani makavu yanayotumika sana ni ya Bell's, pakiti ndogo yenye seji, rozimeri, oregano, taimu, mejoramu, tangawizi na pilipili.

Yai halimo kwa ajili ya ladha. Kazi yake ni kuyashika mafuta na siki visiachane. Lipigwe kwanza peke yake kwenye blenda, kisha mafuta yamiminwe kidogo kidogo huku mashine ikizunguka, mpaka mchanganyiko uwe mzito kama mayonezi. Siki na viungo hufuata. Wanaotia kila kitu ndooni kwa mara moja na kukoroga kwa mwiko hupata mafuta juu na siki chini. Brashi ikichota juu, mafuta matupu yanadondokea mkaa na moto unaruka. Ikichota chini, kuku anakuwa mchachu na mkavu. Watu wanalaumu mkaa, kumbe kosa lilianzia jikoni.

Kwa nusu 200, ambacho ni kiasi kizuri kwa kikundi kinachoanza, zidisheni mara 20: mayai 20, mafuta karibu lita 4.7, siki karibu lita 9.5, chumvi kama kilo 1.1, majani makavu kikombe kimoja na robo, pilipili manga vijiko vikubwa vitatu na kidogo juu yake. Msichanganye yote kwa mkupuo. Blenda ya nyumbani inabeba kipimo kimoja au viwili, kwa hiyo mpangieni kazi hiyo mtu mmoja usiku wa kuamkia siku ya kuchoma. Na kwa kuwa yai linabaki bichi ndani ya sosi, tumieni mayai ya boksi yaliyokwisha kupashwa joto kiwandani kuua vijidudu. Lita moja hivi inatosha badala ya mayai 20. Kijitabu cha Baker hakikuwa na wasiwasi huo, lakini mkaguzi wa afya wa leo anao.

Gaweni sosi mara mbili kabla haijagusa kuku. Nusu moja ni ya kulowekea: saa chache zatosha, usiku mzima ni bora, zaidi ya siku nzima siki inaanza kuilegeza nyama ikawa kama uji. Nusu ya pili ni ya kupaka wakati wa kuchoma. Iliyolowekea inamwagwa. Kuna watu wenye moyo wa kubana matumizi ambao huiona ile ndoo na kusikitika. Waelezeni taratibu, kisha imwageni.

Kuku mwenyewe

Hapa ndipo vikundi vingi vinapoteleza. Kanuni ilitungwa kwa kuku mzima wa ratili mbili na nusu hadi tatu, yaani kilo 1.1 hadi 1.4, aliyepasuliwa nusu kwa urefu. Kuku wa kawaida wa dukani leo ni mkubwa zaidi ya hapo. Nusu ya kuku mkubwa inaungua ngozi kabla kiungo cha paja hakijaiva, na mteja akivunja mguu akaona damu mfupani, hatarudi mwakani hata kama kipimajoto kilisema yuko salama. Agizeni kwa msambazaji wiki mbili kabla, mtaje uzito, na muombe wapasuliwe hukohuko. Tofauti ya senti chache kwa ratili kati ya kuku mzima na aliyepasuliwa haifai kubishaniwa. Kupasua kuku 100 kwa visu vya nyumbani ni kazi ya usiku mzima na vidole viwili vitatu vya mtu.

Mkiwa na Waislamu kati yenu au kati ya wateja, agizeni halali kwa wote, si kwa nusu ya watu. Kuendesha wavu mbili tofauti juu ya tanuri moja, na brashi mbili, na boksi mbili, kunazaa makosa, na kosa la namna hiyo linaumiza zaidi ya hasara ya fedha. Machinjio madogo ya halali mara nyingi huwa na kuku wadogo, ambao ndio hasa wanaotakiwa.

Nusu 200 ni kama kilo 120 za nyama. Ziwe kwenye makasha ya barafu au friji la gari, chini ya 41°F, yaani 5°C, mpaka zinapokwenda kwenye wavu. Hesabuni barafu kilo 60, na maji yake yatolewe kadiri yanavyoyeyuka. Kuku anayeelea kwenye maji ya uvuguvugu na siki ni kichefuchefu kinachosubiri siku yake.

Tanuri

Tanuri la bei nafuu ni la matofali ya saruji, safu tatu juu ya ardhi, bila udongo wa kuunganishia. Safu tatu zinaleta wavu kwenye kimo cha kama sentimita 60 kutoka chini, umbali unaomchoma kuku polepole bila kumbabua. Wanaojenga safu mbili ili kuokoa matofali hupata ngozi nyeusi ndani ya dakika ishirini. Kwa nusu 25 mnahitaji takriban mita moja ya mraba, hivyo tanuri la upana wa mita 1 kwa urefu wa mita 4 linachukua nusu 100 kwa awamu. Matofali yake ni kama 75. Muulizeni fundi yeyote wa ujenzi katika jumuiya. Mara nyingi anayo nyuma ya nyumba na atafurahi kuyaazima kwa sahani mbili.

Acheni nafasi za kupitisha hewa kwenye safu ya chini kabisa, kwa kugeuza tofali moja moja mashimo yaangalie nje. Msijenge juu ya lami: inalainika, kisha mwenye uwanja anawatumia bili. Matofali yaliyonyeshewa usiku yakauke kabla ya moto mkali, maana maji yaliyojificha ndani yanageuka mvuke na kulipasua tofali.

Wavu uwe wa jozi, wa juu na wa chini, kuku akibanwa katikati kama picha ndani ya fremu. Watu wawili wanashika ncha na kuugeuza wote mara moja. Hili ndilo siri ya kasi yote. Kugeuza nusu 100 moja moja kwa kibano huchukua muda mrefu hivi kwamba ukifika mwisho, wa mwanzo wameungua. Vikosi vya zimamoto vya vijijini vingi vinamiliki wavu hizi na huziazima au kukodisha. Ulizeni huko kabla ya kufikiria kununua.

Moto, na saa moja na nusu zinazoamua

Mkaa wa vitonge, kilo 25 hadi 30 kwa awamu ya kwanza, na kama nusu ya hapo kuuongeza nguvu kwa awamu ya pili, pamoja na mfuko wa akiba kwa siku ya upepo. Upepo unakula mkaa kuliko kitu chochote. Washeni dakika 45 kabla, subirini vitonge vyote vifunikwe na jivu jeupe, kisha vitandazwe sawasawa. Kama kuna harufu ya mafuta ya kuwashia, kuku asiwekwe bado. Kuni mbichi hazifai; zinatoa ndimi za moto na masizi.

Kuku anaanza mifupa ikiangalia chini. Anageuzwa kila baada ya dakika tano hadi kumi, na kila anapogeuzwa anapakwa sosi. Hakuna njia ya mkato hapa: kupaka kidogo mara nyingi ndiko kunakojenga ile ngozi ya dhahabu, na kupaka sana mara moja kunazima mkaa upande mmoja. Mtu mmoja akae na chupa ya kupulizia maji kwa ajili ya ndimi za moto, na apulizie moto, si kuku. Dakika kumi za mwisho sosi inasimamishwa ili iliyokwisha pakwa iive.

Kwa kuku wadogo ni saa moja na robo hivi, siku ya baridi saa moja na nusu. Lakini saa haiaminiki; kipimajoto ndicho hakimu. Kichomwe kwenye paja pale panapokutana na kifua, bila kugusa mfupa, na kisome 165°F, yaani 74°C. Pimeni nusu kadhaa kutoka pembe tofauti za tanuri, kwa kuwa pembe zina joto dogo kuliko katikati. Walioiva waingie kwenye makasha yaliyofunikwa yasiyoshuka chini ya 140°F, yaani 60°C. Kasha zuri la plastiki lenye kuta nene, likipashwa kwanza kwa maji ya moto, linashika joto hilo mpaka foleni iishe.

Kama kibao kinasema saa tano, mkaa uwashwe saa mbili na robo asubuhi, awamu ya kwanza ipande saa tatu na ishuke saa nne na nusu. Awamu ya pili inapanda mara moja na kuwa tayari kama saa sita na dakika kumi. Wateja wa saa tano hadi saa sita wanakula awamu ya kwanza. Mkipanga awamu zote mbili ziishe saa tano, mnahitaji tanuri mara mbili. Mkichelewa kupandisha ya pili, mtakuwa na watu arobaini wenye tiketi wamesimama juani.

Vijana wenyewe wasikae karibu na tanuri. Kazi zao ni kufunga boksi, kupeleka chakula kwenye magari na kukata tiketi, na wanazifanya vizuri kuliko wazee.

Vinavyoandamana naye

Sahani ya eneo hili inatambulika: nusu kuku, viazi vya chumvi au maharage, saladi ya kabichi, skonzi na siagi. Msiivuruge sana. Viazi vya chumvi ni vya Syracuse, mji uliotajirika kwa chumvi katika karne ya 19, na wafanyakazi wa mitambo ya chumvi, wengi wao Waayalandi, walichemshia viazi vyao humohumo kwenye maji ya kazi. Viazi vidogo vyenye ngozi, chumvi ratili moja kwa kila ratili nne za viazi. Msiogope kiasi hicho. Maji yenye chumvi nyingi hivyo huchemka kwa joto la juu kidogo, ndani panakuwa laini kama unga, na nje panabaki ganda jeupe jembamba. Kwa sahani 200 pangeni kilo 40 za viazi, na maji ya sufuria ya kwanza yatumike tena kwa ya pili. Siagi iliyoyeyushwa inamwagiwa juu.

Maharage ya kopo ya kuokwa yanahitaji tahadhari moja: mengi yana kipande cha nyama ya nguruwe ndani, na huandikwa kwa herufi ndogo. Soma kila kopo, au pikeni ya kwenu. Maharage ya nazi yanapendwa na wenyeji waliothubutu kuyaonja, ila yawekeni kama chaguo la pembeni. Kachumbari ya pilipili kwenye kikombe kidogo kwa dola moja ya ziada inauzika vizuri kuliko mtu anavyodhani.

Hesabu

Biashara asubuhi, jioni mahesabu. Lakini hapa mahesabu yafanywe kabla ya asubuhi. Huu ni mfano wa kupangia, si bei za soko lenu. Tuseme sahani inauzwa dola 15. Nusu kuku dola 4, viambatanisho dola 1.75, boksi na leso dola 0.75, mkaa na sosi dola 0.75, na kibali pamoja na ukodishaji dola 100 kwa siku, ambazo ni dola 0.50 kwa sahani. Jumla ya gharama dola 7.75, faida dola 7.25. Sahani 200 zikiisha zote, mfuko wa kambi unapata dola 1,450.

Sasa tuseme sahani 30 zimebaki. Gharama imekwisha kulipwa, kwa hiyo mnapoteza dola 15 nzima kwa kila moja: dola 450. Faida inashuka hadi 1,000. Sahani asilimia 15 zilizobaki zimekula karibu theluthi ya faida. Ndiyo sababu tunasisitiza tiketi za kabla. Agizeni kuku kwa idadi ya tiketi zilizolipiwa pamoja na nyongeza ya moja kwa kila kumi kwa wapita njia, basi. Tiketi iliyoahidiwa kwa mdomo haihesabiwi. Kila kijana apewe kitabu cha tiketi kumi chenye namba, na namba ziandikwe kwenye daftari la mweka hazina anapokabidhiwa, si anaporudisha.

Wanaopenda kuuza nafuu ili wauze nyingi wafikirie tena. Mkishusha sahani hadi dola 12, faida inakuwa dola 4.25, na hata tukikumbuka kwamba zile dola 100 za siku haziongezeki, mtahitaji sahani 327 kupata zile 1,450. Hizo ni awamu nne za tanuri badala ya mbili.

Sheria zinazouma

Kibali cha muda cha kuuza chakula kinatoka idara ya afya ya kaunti. Ombeni wiki tatu au nne kabla. Mkaguzi atauliza kuku anatoka wapi, anahifadhiwaje, nani ana kipimajoto, na mahali pa kunawa mikono pako wapi. La mwisho ndilo huwakwamisha watu: chupa ya sanitaiza haitoshi. Dumu lenye bomba, maji ya uvuguvugu, sabuni, taulo za karatasi na ndoo ya maji machafu vinatimiza kazi, na vinagharimu kidogo. Kuku aliyelowekwa kwenye jiko la nyumbani hakubaliki. Tumieni jiko la kanisa au ukumbi lenye kibali. Bima ya kanisa nayo iulizwe kama inahusu moto wa nje.

La pili ni la kodi, na limewaumiza wengi kwa nia njema. Inaonekana haki kwamba mtoto aliyeuza tiketi 40 apunguziwe ada zaidi ya aliyeuza 5. Lakini kama shirika lenu limesajiliwa kama lisilo la faida na kusamehewa kodi, kugawa fedha kwa kufuata mauzo ya kila familia ni kumnufaisha mtu binafsi. Mwaka 2013 Mahakama ya Kodi ya Marekani iliunga mkono IRS, mamlaka ya kodi ya nchi hiyo, katika kesi ya Capital Gymnastics Booster Club, klabu ya wazazi wa wanasarakasi iliyogawa faida kwa alama za mauzo, na klabu ikapoteza msamaha wake. Njia salama: fedha zote ziingie mfuko mmoja, zigawiwe sawa kwa watoto wote wanaokwenda kambini, au kwa mahitaji kwa kigezo kilichoandikwa kabla. Mwuzaji hodari apewe fulana na makofi.

Akilinganishwa na wengine

Tambi na sosi ya nyama ndiye mpinzani wake halisi, hasa msimu wa baridi. Inapikwa ndani, haitegemei mvua, na watu sita wanaimudu. Gramu 110 za tambi kavu kwa mtu mzima, yaani kilo 11 kwa watu mia. Zipikwe mapema zikiwa bado ngumu kidogo, zipozwe, zipakwe mafuta, kisha zichovywe kwenye maji ya moto zinapotakiwa. Zikikaa kwenye sosi zinavimba na kugeuka bokoboko. Bei yake haiwezi kupanda sana, kwa sababu kila mtu anajua tambi zinagharimu nini. Chapati za maji za Kimarekani za asubuhi ni rahisi zaidi na faida yake ni ndogo zaidi.

Sambusa zina faida kubwa kwa kila dola iliyowekwa na hazihitaji tanuri. Adui yake ni mikono ya kukunja. Manda za kukaangia zilizogandishwa kutoka duka la Kiasia, zikikatwa vipande vitatu kwa urefu, zinaokoa nusu ya kazi. Zigandishwe mbichi, zikaangwe siku ya mauzo kwenye 350°F, yaani 180°C. Mafuta yakiwa chini ya hapo zinanyonya na kulegea. Tatizo lake ni kwamba mteja ananunua mbili au tatu na kuondoka, wakati kuku ananunuliwa kwa familia nzima. Zikiuzwa mezani pembeni ya kuku, ni hadithi nyingine.

Jioni za migahawa, ambapo mgahawa mkubwa unarudisha sehemu ya mauzo kwa kikundi, hazina kazi wala hasara. Hazina fedha nyingi pia: sehemu mnayopata inahesabiwa tu kwa wateja waliotaja kikundi chenu walipolipa, na nusu yao husahau. Biskuti za Girl Scouts, zilizoanza kuuzwa na kikundi cha Muskogee, Oklahoma mwaka 1917, na bisi za Skauti ni za mashirika hayo pekee, na fedha nyingi hubaki kwa baraza na kiwanda kabla hazijafika kwenye kikundi.

Alama

Ladha 5 kati ya 5. Urahisi 2. Faida 4 kwa tiketi za kabla, 2 bila tiketi. Kufaa kwa kikundi kipya: 3, na iwe kwa nusu 100 mara ya kwanza, awamu moja tu.

Kuhusu kalenda, kuku ana kasoro moja isiyotibika. Shule za New York zinafungwa mwishoni mwa Juni na kambi zinaanza hapo hadi Agosti, lakini malipo ya kwanza ya kushikilia nafasi hudaiwa miezi mingi kabla, wakati theluji bado iko uwanjani. Kuku wa Mei anafika kulipa salio tu. Kwa hiyo tambi za Februari zilipie kianzio, na kuku alipie kilichobaki. Kabla ya yote hayo, pigieni simu ofisi ya kambi. Kambi nyingi za makanisa, na za 4-H kama Bristol Hills karibu na Canandaigua, zimezoea kuulizwa kuhusu msaada wa ada. Mfuko huo huisha mapema. Ombeni Januari, mjue pengo lililobaki kwa kila mtoto, jumlisheni mapengo yote, kisha gawanyeni jumla hiyo kwa dola 7.25 ndipo mjue ni nusu ngapi za kuku za kuuza.